Viluwiluwi Wawili wa Ziada

Chebet na Faith, mliponiuliza likizo nilipotelea wapi nikawajibu "Mai Mahiu", mkacheka, kwa sababu nani huenda likizo Mai Mahiu? Hiyo barabara nimeipita mara mbili. Mara ya kwanza niliharibu kitu, mara ya pili nikaenda kukitafuta. Mnanijua, kwa mdomo siwezi kusimulia. Hata mwalimu akiita majina darasani mimi huinua mkono tu. Kwa hivyo nimeandika, na tafadhali msome nikiwa siko hapo.

Kiamunyi hadi mjini

Anti Wairimu ni dada mdogo wa baba. Anaishi na sisi Kiamunyi, tunalala chumba kimoja, na kazi yake ni kutafuta mbu. Si kuwaua. Kuwatafuta na kuwaandika. Kuna mbu mgeni anayebeba malaria, alitoka huko Asia akaingia Afrika, na Anti anasema ameshaonekana kaskazini mwa nchi. Mbu wetu wa malaria hupenda madimbwi na maji ya mashamba. Huyu mgeni anapenda tangi, dramu na ndoo, yaani maji ya watu wa mjini. Kwetu kila ploti ina tangi, kwa sababu maji ya mfereji huja siku yakijisikia. "Akifika hapa," Anti husema, "atadhani tulikuwa tunamngoja."

Kwa miaka miwili Anti alikuwa anabebea wengine maboksi. Safari hii, kwa mara ya kwanza, Dokta Rotich ambaye ni mkubwa wake alimwambia aongoze yeye. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Akirudi na kazi safi, wanamwandika tena. Akirudi na makosa, basi, ni hivyo. Mwenzake wa kumsaidia aliugua siku mbili kabla, ndio mimi nikachukuliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na sisumbui watu kwa maswali.

Gari la kazi lilipaswa kutuchukua saa moja asubuhi. Tulisimama kwa geti na kreti ya vikombe, maboksi mawili na kile kikombe cheupe chenye mpini mrefu cha kuchotea maji kwa madramu. Saa mbili. Saa tatu. Jirani akapita akauliza, "Mnahama?" Akarudi kutoka dukani akauliza tena, "Bado hamjahama?" Saa nne dereva akapiga simu kwamba gari limetumwa kwingine. Anti alivuta pumzi, akatembea mpaka kwa mti wa jirani, akarudi, akatembea tena. Halafu akasema, "Twende kwa Mzee Harjit."

Nakuru hadi Mai Mahiu

Mzee Harjit ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, la tangu babu yake, na anauza matangi ya plastiki. Siku hiyo alikuwa anapeleka matangi matatu Mai Mahiu kwa kanta, lori lake dogo, na anaendesha mwenyewe kwa sababu anasema madereva wote wanamuua klachi.

"Wairimu," alisema tulipopanda mbele, "wewe unatafuta mbu, mimi nauza tangi. Usiniharibie biashara."

"Mzee, wewe unawauzia mbu nyumba."

"Nyumba yangu iko na kifuniko! Ni nyinyi mnatoa kifuniko mnaweka vifaranga."

Wakabishana hivyo mpaka tukapita Gilgil. Mimi nilikaa katikati nikiwa nimekumbatia kreti. Karibu na Naivasha alisimamisha gari akatoa paratha, chapati za Kihindi ambazo mke wake alimfungia, na achari ya pilipili kwa kopo. Akanipa moja. Ilikuwa inachoma mpaka masikio. Sikuweza kusema. Akanipa ya pili, nikala. Ya tatu machozi yakaanza kushuka yenyewe.

"Ngai, analia," Mzee Harjit akasema kwa upole sana. "Usilie mtoto. Ni siku mbili tu utarudi kwa mama."

Anti aliangalia nje ya dirisha, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Mzee akaniongezea ya nne, ya kunifariji.

Tulipata pancha mara moja na tukasimamishwa mara tatu, kwa hivyo tuliingia Mai Mahiu jua likiwa limeanza kulala. Malori yalikuwa yamejipanga kila mahali, na kila mtu kwenye barabara alionekana ni mtu wa kuondoka.

Mai Mahiu

Tulilala kwa rafiki ya Anti, Mzee Harjit akalala kwa mteja wake, na asubuhi tukaanza. Kazi yenyewe ni hivi: unaomba ruhusa, unafunua dramu, unateremsha kile kikombe cheupe polepole pembeni, unainua, unaangalia. Viluwiluwi wakiwepo unawatia kwa kikombe cha plastiki na maji yao wenyewe, unafunika na neti, unaandika ni wangapi. Wako wadogo kama nyuzi zilizokatika. Wengi huning'inia kichwa chini. Wale wa jamii ya malaria hulala juu ya maji wakiwa wamenyooka, kama kijiti. Anti huwaita "wale wanaolala".

Pia tunabeba chupa ya maji ya pale pale, ya kuongezea kama vikombe vikimwagika njiani. Anti alinifundisha hilo kabla ya kitu kingine chochote: huongezi maji ya mahali pengine. Kabisa.

Dramu ya nne ilikuwa ya Mama Kuria, mwenye hoteli ya mabati kando ya barabara. Hakutaka.

"Mkipata mbu kwangu mtanifungia?"

"Hatufungi mtu, mathe. Tunahesabu tu," Anti akamwambia.

"Hivyo ndivyo walianza wale wengine. Walisema wanahesabu tu vibanda."

Mwishowe akakubali, akasimama nyuma yetu mikono kiunoni. Tulipata saba. Wote walining'inia, hakuna wa kulala. Anti alihesabu, mimi nikahesabu, Mama Kuria naye akahesabu. Nikaandika kwa lebo: *MM 4. Saba.* Anti akajaza fomu, nikateka maji ya dramu hiyo kwa chupa.

Kwa sababu alikuwa ameona hatumfungii, Mama Kuria akatulazimisha tule kwake. Ugali, matumbo, sukuma. Nilipomaliza nilikuta chupa yangu imesimama kwa meza ikiwa ya moto.

"Nimekumwagia ile maji chafu," Mama Kuria akasema. "Mtoto mzuri hawezi kunywa hiyo. Nimekuwekea chai ya njia."

Anti alikuwa nje anaongea na Mzee Harjit. Mama Kuria alikuwa ananiangalia akitabasamu kwa mara ya kwanza siku nzima. Nilipaswa kusema, "Mathe, hiyo haikuwa ya kunywa, naomba niteke nyingine." Dramu ilikuwa hatua sita kutoka pale nilipokaa. Nikasema asante. Nikaenda kwa gari na chai.

Mai Mahiu hadi Nakuru, tukisimama Longonot

Mzee Harjit alikuwa anarudi na tangi moja ambalo mteja alilikataa kwa sababu lina ufa, na lilikuwa likigonga gonga huko nyuma kama mtu anayetaka kushuka. Karibu na Longonot mkanda wa injini ukakatika. Tukaserereka mpaka mahali ambapo malori hupumzika, gurudumu likaingia shimo, kreti ikaruka mapajani mwangu.

Mzee akaingia chini ya kanta, ikabaki miguu tu. Anti akapanda kile kilima kidogo kutafuta netiweki ampigie Dokta Rotich. Nikaangalia vikombe. MM 4 ilikuwa imelala ubavu. Maji yalikuwa yamepita kwa neti, na viluwiluwi saba walikuwa wamejazana kwa tone la maji la kuoshea kijiko. Na mkononi nina chai.

"Sasa msupa. Umebeba nini hapo?"

Alikuwa dereva wa lori lenye kichwa chekundu lililosimama nyuma yetu, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu na jua lote lile. Mwenzake aliyekuwa akifunga turubai alikuwa amemwita Ekai, ndio nikajua jina. Mnajua mtu nisiyemjua akiniuliza kitu huwa inakuwaje. Nikasema neno la kwanza lililokuja.

"Samaki."

"Samaki!" Akafurahi sana. "Hata mimi nimebeba samaki, kutoka Lodwar, huko kaskazini. Lakini yangu imekauka. Yako ndio inaenda kukauka sasa hivi kama hautafuti maji."

Nyuma ya kichwa cha lori lake kulikuwa na dramu ya buluu imefungwa kwa kamba, mdomo umefunikwa na gunia. Akachota na kikombe cha bati. Nilimwona anakuja. Nilikuwa na muda wa kusema hapana. Akafunua neti mwenyewe, polepole, kama mtu anayemmiminia mgonjwa, akajaza.

"Hii ni maji ya Lodwar, imesafiri na mimi. Wataishi," akasema.

Nikasema asante kwa sauti ambayo labda viluwiluwi tu ndio waliisikia. Mkanda ukafungwa, Anti akashuka kilimani, Ekai akaondoka kuelekea Nairobi, sisi tukaenda Nakuru. Kutoka Gilgil mpaka mjini nilijaribu kuanza sentensi. Kila nikifungua mdomo, Mzee Harjit alinipa paratha.

Chumba cha mbu

Kazini kwa Anti kuna chumba kidogo chenye joto na rafu za vikombe. Alipofika MM 4 alisimama.

"Hapa umeandika saba. Mbona naona tisa?"

Nikaangalia lebo yangu.

"Nyambura, ulihesabu vibaya." Akainama. Halafu sauti yake ikabadilika. "Nyambura. Hawa wawili wamelala. Njoo uone. Wamelala!"

Kweli walikuwa wamelala juu ya maji, wamenyooka, wawili. Anti alikuwa anacheka na anashika kichwa kwa wakati mmoja. Alisema ni kiza cha ile hoteli kilichotufanya tusiwaone. Akachukua fomu, akakata saba, akaandika tisa. Kalamu ilikuwa yangu.

Hapo ndipo ningesema. Lakini sijawahi kumwona Anti akiwa na furaha hivyo, na nilijiambia pengine ni kweli kulikuwa na kiza. Mbona Mama Kuria naye alihesabu saba? Sikulala vizuri. Zile siku zilizofuata nilikuwa nafagia mahali palipofagiliwa. Nilihesabu ngazi, vigae, mbegu za maharagwe. Mama akauliza kama nina minyoo.

Wale wawili wakakua wakawa mbu kamili. Siku hiyo Anti alinipeleka kazini nione. Dokta Rotich aliwaangalia kwa kioo cha kukuzia muda mrefu mpaka chai yake ikashika ngozi. Miguu yao ina madoa madoa.

"Wairimu," akasema, "sitaki kusema ndiye, mpaka Nairobi wapime vinasaba. Lakini anafanana naye vibaya sana." Akamshika Anti bega. "Kazi nzuri. Nitaandika hivyo. Alhamisi timu inaenda Mai Mahiu, tunaanza kwa huyo mama wa hoteli. Maji yote yake yanamwagwa."

Kiamunyi, Jumanne

Nilichana karatasi kwa daftari langu nikaandika yote, chupa, chai, samaki, dramu ya buluu. Anti alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe la kazi. Nikaweka karatasi kando ya pasi, nikasimama kwa mlango.

Akasoma. Akasoma tena. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikatoka, akainua pasi bila kuiangalia.

"Samaki?" akasema. "Ulimwambia ni samaki?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka mara moja, kicheko kifupi, hakikuendelea. Akakaa kitandani na koti lenye alama ya pasi mgongoni.

"Namba si wewe uliibadilisha," akasema baadaye. "Hiyo ni mimi."

Nje watoto wa ploti walikuwa wanacheza kati, wakirushiana mpira. Anti akasema, ni kama alikuwa anaongea na ukuta, "Wale mbu ni wa kweli. Dereva ameenda. Mkataba ni wiki mbili zijazo. Nani atajua?"

"Mimi najua, Anti," nikasema.

Akainuka kitandani. Halafu akakunja karatasi yangu mara nne, akaiweka kwa pochi yake.

Kesho yake tulisimama mbele ya meza ya Dokta Rotich. Alisoma karatasi, akasoma fomu, akageuza fomu kama anatafuta nyingine nyuma yake.

"Wairimu, wewe ulikata namba kwa fomu yangu."

"Ndio, Dokta."

"Bila kuniambia."

"Ndio."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Sasa nina mbu wawili na sina mahali walipotoka. Mbu bila mahali ni mdudu tu. Siwezi kumwaga maji ya mama wa watu kwa sababu ya mdudu." Akaniangalia mimi. "Hiyo lori ukiiona utaijua?"

Nikasema ndio. Akaniambia nirudie, hakusikia. Nikarudia.

"Mna mpaka Jumamosi. Lori lisipopatikana, naandika sampuli imeharibika, na jina lililoiharibu liko hapo chini." Jina hapo chini lilikuwa la Anti.

Longonot, siku mbili

Safari hii gari la kazi lilitushusha Longonot Alhamisi asubuhi likaendelea. Nilichokuwa nacho ni kichwa chekundu, dramu ya buluu, jina Ekai. Tulikaa kwa benchi la mama wa chapati na madondo, yale maharagwe ya mchuzi, na kila lori likisimama Anti alienda kwa dirisha akauliza. Mimi nilikaa nikiangalia barabara mpaka macho yakakauka. Malori ya vichwa vyekundu ni mengi kuliko mnavyofikiria.

Alhamisi ikaisha hivyo. Tukalala Naivasha, Ijumaa tukarudi kwa benchi. Mnamo saa nne niligundua watu wananiangalia kwa huruma. Dereva mmoja mnene alininunulia soda bila kusema kitu. Mwingine akaniambia, "Jikaze, we mtoto." Mama wa chapati akaniongezea madondo. Halafu yule mnene akamsogelea Anti.

"Mathe, na sikuingilii. Lakini mwanaume akikimbia na lori, usimfuate kwa barabara. Nenda kwa chifu."

"Mwanaume gani?"

"Ekai." Akaniangalia. "Na mtoto anafanana na yeye kabisa. Paji la uso hilo!"

Ndio tukaelewa. Siku mbili mwanamke amekaa barabarani na msichana, anauliza kila lori kuhusu Ekai, na akiulizwa ni kwa nini anasema "ni mambo ya ofisi." Habari zilikuwa zimesafiri mbali kuliko sisi. Na kulikuwa na zaidi.

"Basi hamtampata," mnene akasema, na akaona haya kidogo. "Amepita saa hii tu, anarudi juu, Lodwar. Tulimpigia asisimame."

Anti akakaa chini. Sikuwahi kumwona Anti akikaa chini kwa mchanga. Alikuwa amevaa lile koti lenye alama ya pasi, na alikuwa anaangalia barabara upande wa Nakuru kama mtu aliyeachwa kweli, na wale madereva wote wakaangalia kando kwa heshima.

Sijui ni nini. Nilisimama juu ya benchi.

"Si baba yangu!" nikapiga kelele. "Baba yangu ako Kiamunyi, ni fundi wa mbao! Tunataka maji yake tu!"

Mama wa chapati akanong'ona, "Maji yake?" na mtu akaanza kucheka, wakacheka wote, na mimi nilikuwa bado juu ya benchi, uso unawaka. Lakini nikaendelea kwa sababu kushuka kungekuwa vibaya zaidi. Nikawaambia kuhusu mbu, dramu, vikombe. Nafikiri nilisema yote kwa pumzi moja. Mnene akafuta macho, akabonyeza simu, akanipa.

"Ongea wewe. Sisi hatatuamini."

Simu ikaita. "Nimewaambia sina mtoto Longonot!" sauti ikasema.

"Ni mimi," nikasema. "Wa samaki."

Nikasikia injini inanguruma nyuma yake. Halafu akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Wewe! Walikufa?"

"Hapana. Walikuwa si samaki."

"Niko Gilgil," akasema. "Nawangoja. Lakini kama huyo mama ako na askari naenda."

Gilgil

Mnene alituchukua kwa lori lake. Njia yote Anti alishika kile kikombe cha mpini mrefu kati ya magoti. Ekai alikuwa amesimama kando ya lori lake, kofia ya sufu mkononi, na bado alitazama nyuma yetu kuona kama kuna askari.

"Mtanishika?"

"Hakuna kushika mtu," Anti akasema. "Hayo maji umebadilisha?"

"Naongezea tu, Lodwar, kwa tangi ile ile. Kumwaga maji Lodwar? Watakuona wazimu."

Akavaa kofia, akapanda, akatoa gunia, akampa Anti mkono. Mimi nilipanda upande ule mwingine. Anti akateremsha kikombe pembeni. Akainua. Maji matupu, na kipande cha jani. Akateremsha tena. Matupu. Mara ya tatu, matupu. Ekai alikuwa ameacha kutabasamu, alikuwa anatazama kikombe kama kwamba ni yeye atafanyiwa mtihani. Mara ya tano Anti alisimama, akafunga macho kidogo, akayafungua. Mara ya sita akakielekeza kikombe upande wenye kivuli, na hatukupumua.

Alikuwa amelala juu ya maji. Amenyooka.

"Moja," Anti akasema.

"Moja," nikasema.

Ekai akainama mpaka kofia ikaanguka ndani ya dramu. "Moja," akasema naye. "Na huyo mwingine?" Kulikuwa na mwingine, nyuma ya mpini. Mwishowe walikuwa wanne, tukiwahesabu mimi, Anti na Ekai, kila mmoja kwa sauti, na Anti hakuandika mpaka tulipokubaliana wote.

Shida ikawa fomu. Ina mstari wa kijiji, mstari wa kata, mstari wa kaunti. Lori si kijiji. Anti akagonga kalamu kwa karatasi muda mrefu.

"Andika mimi," Ekai akasema. "Andika, ndani ya lori ya Ekai, inatoka Lodwar." Anti akaandika hivyo hivyo, na namba ya gari.

Halafu akamweleza kwamba maji yamwagwe na dramu isuguliwe. Ekai hakubishana. Akaifungua kamba, tukaiinamisha sote, maji yake ya safari nzima yakaenda kwa vumbi, na akayaangalia mpaka yakazama. Akasugua ndani na mchanga na gunia. Mbele yake kulikuwa na barabara mpaka Lodwar na hana tone. Anti akaenda kwa begi, akatoa chupa zetu mbili za kunywa, akampa. Alizipokea kwa mikono miwili.

Alipoondoka Anti akampigia Dokta Rotich, akaweka simu tusikie wote wawili. Akaeleza.

"Wanne?"

"Wanne. Wote wamelala."

"Mama wa hoteli namuacha basi." Tukasikia akigeuza karatasi. "Wairimu, hutaongoza. Fomu zako zitawekwa sahihi na mtu mwingine mpaka nikuamini tena. Lakini nitakuandika, miezi mitatu. Unataka ama hutaki?"

Anti akapangusa mchanga kwa koti lake.

"Nataka, Dokta."

"Basi mbona bado unaongea na mimi? Hapo Gilgil kuna malori mangapi?"

Tuliinua macho. Yalikuwa yamejipanga kando ya barabara mpaka inapopinda, mengine yanatazama juu, mengine chini. Nyuma ya kila kichwa kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kamba: dramu, jerikeni, ndoo ya rangi yenye kifuniko cha mfuko.

Anti akachukua fomu mpya na kalamu. Akanipa kikombe cha mpini mrefu.

"Mimi naandika," akasema.

Nikaenda kwa lori la kwanza. Dereva alikuwa anakula ndizi, miguu nje ya dirisha. Nilisimama hapo muda, hakuniona. Nikagonga mlango.

"Sasa boss."

"Sema. Unatafuta nani?"

"Simtafuti mtu," nikasema. "Ni maji yako tunaomba kuona."

Akanitazama, akatazama kikombe, akatupa ganda la ndizi, akashuka.